Enanga na Gitaa katika Buhaya: Lipi Litangulie Kujifunzwa?

I. Swali lenyewe

Mtu aliyeacha kupiga gitaa kwa miaka mingi, kisha akaamua kulirudia, hukabiliwa na swali ambalo mwanafunzi mpya hana haja ya kujiuliza. Mwanafunzi mpya hufuata njia aliyotiwa na mwalimu wake. Huyu anayerudi hana mwalimu. Ajua kidogo cha kila kitu, na kila alijualo ni nusu. Anakumbuka mishiko mitatu au minne ya mkono wa kushoto, nyimbo mbili asizoweza kuzimaliza, na majina ya sauti ambazo masikio yake hayazitambui tena. Muda wake ni mfupi, labda saa moja baada ya kazi. Wahenga husema samaki mkunje angali mbichi; mtu huyu ni samaki aliyekwisha kukauka, na kumkunja kwataka hila. Basi ni jambo gani la msingi limpasalo kulishika kwanza?

Vitabu vya mafunzo ya gitaa vina jibu lake, nalo karibu siku zote ni moja: jina la kila uzi, alama za maandishi ya muziki, kisha mishiko ya mkono wa kushoto. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, na kwa kuchukua mahali pamoja, yaani nchi ya Wahaya katika Mkoa wa Kagera, hasa Bukoba na Muleba. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu watu wake walipiga ala ya nyuzi zamani sana kabla gitaa halijafika, na ala hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa kutangulizana kwa mambo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba utaratibu huo wa kale wamfaa yule anayelirudia gitaa leo kuliko ule wa vitabuni, na kwamba sababu yake kubwa haimo katika vidole bali katika lugha.

II. Chombo na jina lake

Msomaji wa pwani asikiapo neno nanga hufikiri mara moja juu ya chuma kinachozuia chombo baharini. Magharibi ya Ziwa Viktoria neno linalofanana na hilo lina maana nyingine kabisa. Kihaya husema enanga. Kinyarwanda na Kirundi husema inanga. Na kila mahali hapo ni ubao wa mti uliochongwa shimo kama mtumbwi mdogo au karai refu, na nyuzi zimetandazwa juu yake kutoka ncha hata ncha. Kuvuka mpaka kuingia Buganda jina hubaki lakini kitu hubadilika: ennanga ya Waganda ni kinubi chenye shingo ya upinde. Kwa hiyo neno limesafiri katika ukanda wote wa maziwa, na kila watu wamelivisha chombo walichokuwa nacho.

Jambo kama hilo limetokea pwani. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alieleza neno kinanda kuwa ni ala ya nyuzi, na papo hapo akaonyesha kwamba limepanuka hata kuitwa ala za Kizungu za namna mbalimbali. Hivi leo mtu akitaja kinanda, wengi hufikiri chombo cha kanisani chenye vibao vya kubonyeza. Neno gitaa lenyewe ni mgeni aliyekuja na chombo chake. Katika maneno haya twaona kanuni moja: jina la ala ya muziki halishiki umbo la chombo, bali hushika kazi yake, yaani chombo cha kuandamana na sauti ya mtu.

Katika Kihaya kanuni hiyo imekwenda mbali zaidi. Enanga ni jina la ubao, na pia ni jina la utendi unaoimbwa pamoja nao. Mpigaji huitwa omuteezi, kutokana na kitenzi okuteera, kupiga. Lakini atajwapo omuteezi wa enanga, asiyetajwa ni mpigaji tu. Ni mtambaji na mtunzi pia, mtu anayeweza kuimba habari za Mugasha, mkuu wa ziwa na dhoruba, au za Rukiza, au za Kachwenyanja, kwa muda mrefu bila kuandikiwa neno. Tenzi hizo zimechunguzwa kwa upana na Profesa M. M. Mulokozi, ambaye mwaka 1983 alichapisha makala akiuliza kama waimbaji hao ni watunzi wa tendi kwa maana kamili ya neno hilo, na mwaka 1986 akamaliza tasnifu yake juu ya tendi za enanga katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Peter Seitel naye alizitazama katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya tanzu za fasihi simulizi ya Kihaya. Wote wawili walishughulika zaidi na maneno, nami nategemea kazi yao. Hapa nataka kuutazama mkono wa mpigaji.

III. Ubao unadai nini

Hatuna kitabu cha mafunzo kilichoandikwa na waimbaji wa zamani wa ikulu za Kiziba, Kyamutwara, Kianja au Ihangiro, ambayo nchi yake ndiyo sehemu kubwa ya Wilaya ya Muleba ya leo. Hata hivyo chombo chenyewe ni shahidi. Tukikichunguza, twaweza kujua ni jambo gani lazima litangulie na ni jambo gani haliwezekani kabisa.

La kwanza, nyuzi za enanga kwa desturi si nyuzi nyingi. Ni uzi mmoja mrefu, zamani wa kano za ng'ombe, uliopitishwa kwenda na kurudi kati ya ncha mbili za ubao mara saba au nane, ukikazwa katika mapengo yaliyochongwa pembeni. Kila pito hukazwa kwa nguvu yake, na kukaza pito moja kwaweza kulilegeza jirani yake. Kwa hiyo hakuna awezaye kuanza kupiga kabla hajajua kuutega uzi huo kwa sikio. Mwenye enanga halinganishi sauti na chombo kingine. Hulinganisha pito na pito, na mapito yote na koo lake mwenyewe. Katika eneo la maziwa ngazi ya sauti tano ndiyo ya kawaida, na sikio lililoizoea hutambua mara moja uzi ulioteleza.

La pili, katika enanga hakuna kukandamiza uzi. Kila uzi hupigwa ukiwa wazi na hutoa sauti moja tu. Kazi ambayo mpigaji wa gitaa huifanya kwa mkono wa kushoto, yaani kuzibadilisha sauti za nyuzi kwa kuzibana kwenye shingo, haipo. Kinachobaki ni mpangilio wa mapigo: uzi gani, baada ya upi, na kwa wakati gani. Uhodari wote umekaa katika mzunguko wa vidole, mzunguko mfupi unaorudi na kurudi, ukibadilishwa kidogo kila mara ili maneno yapate nafasi.

La tatu, kwa kuwa mzunguko huo hauna budi kuendelea hali mdomo unasimulia, mikono yapaswa kufikia hali ya kufanya kazi bila kusimamiwa na akili. Omuteezi afikiriaye vidole vyake hawezi kukumbuka shujaa wake amefika wapi. Basi tukiyapanga mambo haya kama chombo kinavyodai, twapata utaratibu wa namna hii: sikio, kisha mzunguko wa mkono, kisha maneno, na mwishowe mapambo. Mishiko ya mkono wa kushoto, ambayo vitabu vyetu huanza nayo, haimo kabisa.

IV. Kuja kwa gitaa

Gitaa lilienea katika Afrika Mashariki hasa katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili. Askari wa King's African Rifles walirudi kutoka Burma na kwingineko wakiwa wamesikia na kushika ala mpya. Fundi Konde wa Pwani ya Kenya, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha askari hao, ni mmoja wa wanaokumbukwa sana. Bukoba haikuwa mbali na mambo hayo. Meli za ziwani ziliiunganisha na Mwanza, Kisumu na bandari ya Kampala. Wahaya wengi walikuwa na ndugu au kazi Uganda. Na fedha ya kahawa, iliyopanda bei sana mwanzoni mwa miaka ya 1950, iliwawezesha watu kununua vitu vilivyokuwa havinunuliki. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Bukoba kiliundwa mwaka 1950. Mwaka uliofuata ndipo Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza.

Mwaka huohuo wa 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, Wahaya wakiwa miongoni mwao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, Tracey huyohuyo alikuwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, katika Katanga, na huko alimrekodi kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco akipiga na kuimba wimbo wake "Masanga". Santuri hiyo ilimfanya Mwenda ajulikane Afrika nzima, na baadaye alifanya kazi Nairobi kwa muda, kama alivyofanya Edouard Masengo. Msomaji wa Tanzania atapenda kukumbuka kwamba Mwenda alikuwa Myeke, na Wayeke ni watu waliohamia Katanga pamoja na Msiri kutoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa katika karne ya 19. Kiswahili cha Katanga, ambacho Mwenda aliimbia nyimbo zake nyingi, kina historia katika njia zilezile za biashara. Gitaa liliporudi mashariki likiimba Kiswahili, lilikuwa linapita njia ambayo lugha ilikwisha kuipita kwa miguu.

Namna ya upigaji wa Mwenda yatuhusu sana. Alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene na kutoa mwendo. Cha shahada kilijibu katika nyuzi nyembamba. Kutoka katika vidole viwili hivyo zilisikika kama ala mbili au tatu. George Mukabi wa Magharibi ya Kenya, aliyefariki mwaka 1963, naye alipiga kwa namna iliyokaribiana nayo, na katika muziki wa namna hiyo mara nyingi mwenzake mpigaji hugonga chupa ya soda kushikilia mapigo.

Wa kwanza kuuandika upigaji wa Mwenda kwa uangalifu hakuwa mwanamuziki wa kazi. Alikuwa mtaalamu wa lugha: David Rycroft, aliyefundisha lugha za Kibantu za kusini katika Chuo Kikuu cha London. Uchunguzi wake ulitoka katika jarida la African Music kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962. Rycroft alionyesha kwamba Mwenda hakuwa akirudia kipande alichokikariri. Alikuwa na mzunguko ambao aliubadilisha kila alipoupitia. Yaani alipiga gitaa kama omuteezi anavyopiga enanga. Baadaye John Low, Mwingereza mpigaji gitaa, alikwenda Katanga kuwatafuta wapigaji wa miaka ya 1950 na kujifunza kwao kwa mkono, akatoa habari za safari hiyo katika kitabu cha mwaka 1982. Naye alikuwa mtu anayeurudia muziki uliokwisha kuachwa, na katika kuurudia alikwenda kwa wazee, akaketi akatazama vidole.

Baadaye bendi za dansi zilitamalaki. Gitaa kavu la mtu mmoja lilipisha magitaa matatu ya umeme: la solo, la rizimu na la besi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, aliufikisha upigaji wa solo kwenye kilele ambacho vijana wa kila mkoa walitaka kukifikia. Katika mpango wa bendi kazi ya gumba ilichukuliwa na besi, kazi ya mishiko ikachukuliwa na rizimu, na mtu mmoja hakuhitaji tena kubeba yote. Ndipo ilipopata nguvu fikira kwamba kujifunza gitaa ni kujifunza mishiko. Kwa kuwa kijana aliyeingia bendi mara nyingi alianzia kwenye rizimu.

V. Toni ya Kihaya na mkazo wa Kiswahili

Sasa twafika penye kiini cha hoja. Kihaya ni lugha ya toni. Kazi ya Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman, iliyochapishwa mwaka 1977 juu ya muundo wa Kihaya, pamoja na uchunguzi wa baadaye wa Hyman na Byarushengo, imeonyesha kwamba mizizi ya vitenzi hugawanyika katika makundi mawili, lenye toni ya juu na lisilo nayo, na kwamba toni hizo husogea au kupotea kwa kufuata wakati wa kitenzi na mahali pa neno katika sentensi. Tena Kihaya hutofautisha irabu fupi na ndefu. Ndiyo maana okuteera huandikwa kwa e mbili.

Kiswahili kiliiacha toni zamani. Kimebaki na mkazo, nao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Msemaji akiinua au kuteremsha sauti katika neno baba au nyumba, maana ya neno haibadiliki, ingawa huenda swali likawa jibu. Kwa mtunzi wa wimbo tofauti hii ni kubwa mno. Wimbo wa Kiswahili waweza kuwa na lahani moja iliyowekwa, na beti kumi zenye maneno tofauti zikapitishwa humo bila kuumia, mradi mizani itimie na mkazo usitupwe mbali. Shairi letu la mizani kumi na sita, nane kwa nane, limejengwa juu ya uhuru huo. Utendi wa enanga hauhesabu mizani. Msitari wake hurefuka na kufupika kwa kufuata usemi, na sauti ya mwimbaji hukaa karibu na kupanda na kushuka kwa maneno yenyewe.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo sababu mojawapo ya wimbo wa gitaa wa Kiswahili kuenea kwa wepesi kutoka Katanga hata Nairobi na Dar es Salaam. Beti zake zilichukulika. Mtu yeyote aliweza kutia maneno yake mapya katika lahani ileile, awe Mluya, Mnyamwezi au Mhaya. Na hapa pia ndipo ilipo hatari kwa Mhaya anayelirudia gitaa akitaka kuimba kwa lugha ya nyumbani kwao. Akianza na mishiko, lahani yake itaongozwa na mishiko. Mishiko mitatu ya kawaida hudai mistari yenye urefu sawa na miishio inayojulikana, na maneno ya Kihaya yatalazimika kukunjwa yaingie humo. Wamisionari walikwisha kukutana na shida hiyo. Mapadre wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, nao Walutheri wa Bethel wakafika Bukoba mwaka 1910. Na kila palipotafsiriwa tenzi za Kizungu katika lugha ya toni bila kubadili lahani, neno lililopaswa kupanda huenda likashushwa. Waumini waliimba hivyo wakazoea, maana maneno waliyajua kwa moyo. Lakini mtambaji wa hadithi hana msaada huo. Msikilizaji wake hajui neno litakalofuata, na toni ikipotea, hadithi yaweza kupotea nayo.

VI. Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na hayo yote napendekeza utaratibu ufuatao kwa yule anayelirudia gitaa kavu, hasa katika Bukoba na Muleba, lakini si huko tu.

Kwanza ni mkono wa kulia. Kwa muda wa wiki mbili au tatu mkono wa kushoto usifanye kazi yoyote ila kushika shingo ya gitaa. Gumba lipige uzi mmoja mnene kwa mapigo yaliyo sawasawa, na kidole cha shahada kijibu kwa uzi mmoja mwembamba katika nafasi iliyo kati ya mapigo hayo. Hilo likishakaa, mapigo sita yagawanywe mara kwa mbili, mara kwa tatu, kama ilivyo katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki. Kipimo cha kufaulu si kasi. Kipimo ni kama mtu aweza kuitikia salamu ya mgeni, na kumwuliza habari za nyumbani, mzunguko usikatike.

Nimeona jambo hili kwangu mwenyewe. Nililiacha gitaa miaka ya masomo ng'ambo, na nilipolirudia, mzunguko wa mkono wa kulia ulirejea katika siku chache kana kwamba ulikuwa umeketi mlangoni ukingoja. Bali ncha za vidole vya kushoto, ambazo ngozi yake ilikuwa imekwisha kulainika, ziliuma kwa wiki nyingi. Kuanza na mkono wa kulia kuna faida hii pia, kwamba humpa mtu mzima furaha mapema, na ngozi ya kushoto huweza kukomazwa kidogo kidogo, dakika chache kwa siku, bila kumkatisha tamaa.

Pili ni sikio. Siku hizi kuna vyombo vidogo vya kuonyesha kwa taa kama uzi umekaa sawa, na ni msaada kwa mwenye haraka. Lakini anayejifunza autege uzi mmoja kwa sauti ya koo lake, kisha azitege nyingine kwa huo, kama afanyavyo mwenye enanga, na chombo kitumike baadaye kama shahidi tu. Katika gitaa nyuzi sita zimepishana kwa nafasi zilizo sawa isipokuwa kati ya uzi wa pili na wa tatu kutoka chini, ambapo nafasi ni fupi kidogo. Sikio likiijua tofauti hiyo, limejua nusu ya shingo nzima.

Tatu ni maneno. Kabla ya lahani yoyote, mwanafunzi achukue usemi anaoujua, methali au mwanzo wa hadithi aliyoisikia kwa bibi yake, auseme kwa sauti ya kawaida juu ya mzunguko. Asiimbe, aseme. Akirudia mara nyingi atasikia ya kuwa usemi wenyewe umeanza kuchagua nyuzi: panapopanda, cha shahada hupanda, penye irabu ndefu, mzunguko hungoja. Lahani itakayozaliwa hapo itakuwa ya Kihaya kwa kuwa imetoka katika Kihaya. Anayeimba Kiswahili naye afanye hivyohivyo, ila yeye atafuata mkazo na mizani.

Nne, na hapa tu, ndipo mkono wa kushoto uitwe. Mishiko mitatu yatosha mwanzo, na ichaguliwe ile inayoacha nyuzi nyingi wazi, ili mzunguko uliokwisha kupatikana usivunjike. Tano ni maandishi ya muziki, na majina ya sauti, na ngazi zake. Hayo ni elimu njema. Lakini ni kama sarufi, ambayo mtoto huifikia hali amekwisha kusema.

Najua kuna pingamizi. Mmoja atasema kwamba anayetaka kupiga dansi au kwaya hawezi kungoja miezi kabla ya mishiko. Neno hilo ni kweli, na kwa mtu anayetakiwa bendini Jumamosi ijayo sina ushauri ila aifuate bendi. Wa pili atasema kwamba bila maandishi muziki hupotea. Nakubali kwamba maandishi huhifadhi. Rycroft asingeandika, tungekosa mengi. Lakini aliyeandika alikuwa msikilizaji, na aliyepiga alikuwa tayari anajua kupiga. Wa tatu, ambaye huenda ni mwanaisimu mwenzangu, atasema kwamba waimbaji wa lugha za toni huzivunja toni mara nyingi wala wasikilizaji hawalalamiki. Hilo nalo ni kweli kwa kiasi, hasa katika nyimbo fupi zenye kiitikio. Mwimbaji hodari hujua pa kuivunja toni na pa kuilinda. Ninachosema ni kwamba hawezi kujua pa kuivunja kabla hajajifunza kuisikia.

VII. Hitimisho

Ikulu zilizowalisha waimbaji wa enanga zilipoteza mamlaka yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali huru ya Tanganyika ilipoufuta utawala wa machifu. Tangu hapo omuteezi amelazimika kutafuta hadhira yake arusini, vilabuni na katika sherehe za taifa. Lakini si kweli kwamba masikio ya nchi yamefungwa kwa Kihaya. Mwaka 2001 Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba, aliimba kwa lugha hiyo na Tanzania nzima ikacheza, wengi wao bila kuelewa neno; na mwaka 2016 wimbo wake ulioitwa kwa jina la Maria Salome ulipewa maisha mapya na Diamond Platnumz. Hadhira ipo. Kinachoadimika ni mkono unaojua kuandamana na usemi wa Kihaya kwa saa nzima.

Katika nyumba za Bukoba na Muleba, kama kwingineko, yamo magitaa yaliyonunuliwa ujanani na kutundikwa ukutani mtu alipopata kazi na watoto. Wenyewe sasa ni watu wa makamo, na wengi wao bado wanakumbuka hadithi walizosimuliwa. Ndiyo kusema wanacho kitu cha tatu katika utaratibu wetu, ambacho kijana wa leo, mwenye vidole vyepesi kuliko vyao, huenda hana. Vidole hurudi kwa mazoezi. Toni za lugha ya mama mtu hazijifunzi kwa wepesi akiwa na miaka hamsini asipokuwa nazo, nao wanazo. Kwa hiyo anayerudi asijihesabu kuwa amechelewa. Na sisi wa vyuo twaweza kumsaidia kwa kazi moja isiyo na gharama kubwa: kuchukua rekodi za tendi za enanga zilizokwisha kukusanywa, na kuziandika upya tukiweka juu ya kila msitari toni ya usemi, na chini yake mapigo ya nyuzi, ili mtu mwenye gitaa kavu huko Kamachumu au Rubya apate kuona jinsi mkono ulivyokuwa ukimsikiliza msemaji.